Sitini kwenye Ubao

Mshale wa mwendo kwenye pikapu ya jirani yetu ulikuwa umekufa. Ulilala kwenye sifuri hata gari likishuka mteremko wa Njiru kwa kasi, na mwenye gari hakuona haja ya kuutengeneza. Alikuwa mzee wa kanisa kutoka Ukambani, na kwa miaka mingi alikuwa akibeba vinyago kutoka kwa wachongaji wa Majengo hadi maduka ya watalii mjini. Alisema sikio lake linamtosha. Kama mshale ule ungekuwa mzima, kaka yangu asingenihitaji, na Jumapili zile ningezimaliza kama nilivyomaliza siku nyingine zote, mezani, nikiandika barua za kuomba kazi.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, hisabati na jiografia, wakati ambapo serikali ilikuwa haiajiri walimu tena. Baba alikuwa ameachishwa kazi reli akarudi Busia kulima. Mama, kaka yangu na mimi tulihamia vyumba viwili Lucky Summer, kwa sababu kaka alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha plastiki Baba Dogo na angeweza kwenda kwa baiskeli. Kila asubuhi alisimama kwenye lango la kiwanda na wenzake, wakisubiri kuonyeshwa kidole: wewe, wewe, na wewe. Siku nyingine kidole kilimruka akarudi nyumbani saa mbili, akavua viatu, akalala akitazama ukuta.

Kiwanda kile kilikuwa na timu ya baiskeli. Aliyeingia kwenye timu aliandikwa kazi ya kudumu siku iyo hiyo, na hakusimama langoni tena. Mchujo ulikuwa baada ya miezi mitatu, nafasi nne. Fundi mmoja wa zamani aliyewahi kushindana alikuwa amemwambia kaka siri: tafuta gari, ukae nyuma yake. Gari linakukatia upepo, miguu inazoea mwendo ambao peke yako huwezi kuufikia, na siku ukitoka nyuma ya gari miguu bado inaukumbuka.

"Siste," kaka aliniambia, "wewe si ulisoma hesabu?"

"Nilisoma."

"Basi nitafutie spidi ya gari ambalo mshale wake umekufa."

"Wewe utakuwa wapi?"

"Nyuma yake."

"Nyuma kiasi gani?"

Alinyoosha mkono wote. Akafikiri kidogo, akaukunja hadi kwenye kiwiko.

Mama alikuwa akichambua mrenda mlangoni. "Nyuma ya gari linalokimbia," alisema bila kuinua kichwa. "Kwani barabara ya mbele imeisha?"

Nilipaswa kukataa siku ile. Lakini nilikuwa nimekaa mwaka mzima bila mtu kuniuliza swali ambalo digrii yangu ingeweza kulijibu, na hili lilikuwa swali zuri. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye spoki moja ya gurudumu la mbele, nikaikokota baiskeli kando ya barabara ya Kangundo nikihesabu mizunguko kutoka nguzo moja ya stima hadi nyingine. Nguzo zilikuwa zimepandwa kwa umbali ulio sawa, karibu mita hamsini. Nafasi kumi zilikuwa nusu kilomita. Kwa hiyo sekunde thelathini na sita ilikuwa mwendo wa hamsini, na sekunde thelathini kamili ilikuwa sitini. Niliandika jedwali zima kwa kalamu nyekundu, nikalipiga mistari kwa rula, nikalikagua mara tatu. Kaka aliliangalia kama mtu anayeangalia eksirei yake mwenyewe.

Sitini ndiyo aliyoitaka. Fundi alikuwa amesema anayeweza kukaa sitini nyuma ya gari kwa nusu saa hana wa kumtisha Baba Dogo yote.

Tulianza Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu mzee alitaka kuwa kanisani saa tatu na malori ya kokoto hayakuwa barabarani siku hiyo. Mzee aliendesha. Kioo cha nyuma ya kichwa chake kilikuwa kimevunjika zamani, kwa hiyo nilipokaa nyuma juu ya kreti, mgongo wangu ukiwa kwenye kabini, niliweza kumwambia "ongeza" au "punguza" akanisikia. Uso wangu ulielekea alikotoka kaka. Mkono wa kushoto ulishika saa, wa kulia chaki, na magotini nilikuwa na ubao mdogo kama ule wa watoto wa nasari. Nilihesabu nguzo kumi, nikatazama saa, nikaandika mwendo, nikauinua ubao.

Hakuna aliyenionya kwamba ningekuwa namtazama usoni wakati wote. Alikuwa ameinama, kidevu karibu kigusane na usukani wa baiskeli, na kati ya gurudumu lake la mbele na bampa ya pikapu palikuwa na nafasi ambayo ningeweza kuiziba kwa kitabu kilichofunguliwa. Hakuiona barabara. Aliniona mimi na ubao. Shimo, jiwe, mbwa, vyote vilipita kwanza chini ya gari kabla ya kumfikia, na mimi pia sikuviona kwa sababu nilikuwa nimevipa mgongo. Tulikuwa watu wawili tunaotazamana huku tukiburutwa na mtu wa tatu asiyetuona.

Wiki ya kwanza arobaini na nne. Ya pili arobaini na nane. Ya tatu, hamsini na mbili, naye akainua kidole gumba na kutabasamu huku jasho likimdondoka puani. Mimi sikuwa nikilala. Usiku nilipanga orodha kichwani: pancha, cheni kukatika, mbuzi, nyuki, kiatu kuteleza kwenye pedali, mzee kushikwa na kikohozi. Nilipomaliza orodha nilianza upya nikiogopa kwamba nimesahau moja, na kwamba lile nililosahau ndilo litakalotokea.

Lililotokea Jumapili ya nne lilikuwa punda. Karibu na Njiru punda mmoja aliyebeba mitungi ya maji alitoka kando, mzee akagusa breki. Aligusa tu, hakukanyaga. Gurudumu la kaka likaikwaruza bampa kwa mlio kama wa kiatu kipya kwenye sakafu, baiskeli ikapinda kulia, ikapinda kushoto, mguu mmoja ukatoka kwenye pedali ukapiga lami. Kisha akasimama wima, mita thelathini nyuma yetu, akiwa mzima.

Gari liliposimama alitufikia akicheka. "Mmeona? Nimeisalimia bampa."

Mzee alikuwa ameshuka, ameshika kofia kifuani. "Kijana, hiyo salamu usiirudie."

Mimi nilikuwa nawaza jambo moja: wakati ule wote sikupiga kelele. Nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Mtu pekee aliyekuwa amekaa pale kutazama alitazama tu.

Nyumbani nilimwambia kaka aache. Nilimweleza kwa utaratibu, kama ninavyoeleza kila kitu, umbali wa kusimamisha gari na muda ambao jicho linahitaji kabla mkono haujafanya kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipaka cheni mafuta.

"Nikiacha, nitaendelea kusimama pale langoni mpaka lini?" aliuliza. "Wewe una digrii. Mimi nina miguu."

Digrii yenyewe ilikuwa kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro na haijafanya kazi hata siku moja.

Jumapili iliyofuata nguzo ya kumi ilipita kwa sekunde thelathini na tano. Hiyo ni hamsini na moja. Niliandika hamsini na nne.

Nakumbuka vizuri kwamba sikuamua. Mkono uliandika, nami nikauangalia. Kaka aliusoma ubao, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na hakuomba zaidi. Nikaona jinsi ilivyo rahisi. Nyuma ya gari huna upepo wa kukuambia ukweli. Mshale ulikuwa umekufa, mzee alingoja neno langu, na kaka aliangalia ubao. Mwendo wetu sote watatu ulikuwa ndani ya kipande cha chaki. Miguu yake pekee ndiyo ingeweza kunishtaki, lakini miguu ile ilikuwa inapata nguvu kila wiki, kwa hiyo iliukubali uwongo wangu kama sifa yake.

Wiki baada ya wiki nilishusha gari na kupandisha ubao. "Punguza kidogo, mzee," nilinong'ona kupitia kioo kilichovunjika, kisha nikaandika hamsini na sita. "Hapo hapo," na nikaandika hamsini na nane. Kwenye daftari langu niliandika hesabu za kweli, arobaini na tisa, arobaini na nane, kana kwamba kuziandika mahali kulinifanya niwe mkweli. Nilijiambia namlinda. Nilijiambia pia kwamba mtu akiamini ana nguvu, imani hiyo ni nguvu tosha. Nilikuwa na sababu nyingi, na kila moja niliikagua mara tatu kama jedwali.

Siku niliyoandika sitini, kaka aliachia usukani kwa mkono mmoja akapiga hewa ngumi. "Sitini! Na sijachoka!" alipiga kelele. "Siste, sijachoka!"

Saa ilikuwa imesema sekunde thelathini na saba.

Tuliposimama kunywa maji, mzee alinivuta kando. "Msichana wangu, nikuulize kitu. Gari hili nimelala nalo, nimeamka nalo. Likienda sitini huwa linalia, hapa chini ya miguu. Leo halikulia."

Niliona uso wake, uso wa mtu anayetaka kukosolewa. Ningeweza kumwambia. Badala yake nilisema, "Mzee, sikio linaweza kukosea. Saa haikosei."

Alinitazama kidogo. "Sawa, mwalimu," alisema.

Hadi siku ile alikuwa ameniita msichana wangu. Tangu hapo akaniita mwalimu, kwa heshima, na hakuuliza tena. Alikuwa ameendesha magari tangu kabla sijazaliwa, na nilimnyamazisha kwa cheti ambacho hata mimi sikukiamini.

Kiwandani habari ilienea. Kaka alikuwa mtu wa maneno machache, lakini sitini ilimfungua mdomo. Aliwaambia wenzake langoni, akamwambia fundi, akamwambia mwenye kibanda cha chai. Mama alianza kumkaangia mayai mawili Jumapili, na ya kwake akaacha kula.

Jioni kabla ya mchujo, kaka alikaa mlangoni akikaza boliti za breki na kunieleza mpango wake. Hapo awali alikuwa mwendeshaji wa subira. Aliweza kujificha katikati ya kundi hadi mita mia mbili za mwisho, kisha akawapita wote, kwa sababu alizaliwa na mbio fupi miguuni. Hivyo ndivyo alivyowashinda vijana wa mtaa tangu tulipokuwa wadogo.

"Hiyo nimeiacha," alisema. "Raundi ni nane. Mimi natoka raundi ya tatu. Peke yangu. Nani atashika sitini?"

"Si ungoje kidogo? Mpaka ya sita?"

"Kwa nini? Wewe mwenyewe ndiye uliyepima."

Nilimwona akitafuta usoni mwangu kitu cha kumtia moyo, na nikampa. Nilisema, "Ni kweli." Niliwaza kwamba kumwambia ukweli usiku wa kuamkia mchujo kungemvunja kabisa. Niliwaza pia kwamba huenda nimekosea kupima nguzo, kwamba huenda zile arobaini na tisa zilikuwa hamsini na tano. Nilirudi kitandani na jedwali nikatafuta kosa ambalo lingenisaidia. Halikuwepo.

Mchujo ulifanywa Jumamosi asubuhi, kwenye barabara inayozunguka viwanda. Mama na mimi tulisimama kwenye kona penye mtaro. Raundi ya kwanza walipita wote pamoja, wanaume ishirini hivi. Raundi ya pili kaka alikuwa katikati, ametulia. Raundi ya tatu alitoka.

Alitoka kama mtu aliyeitwa. Watu walipiga kelele, mmoja akasema, "Huyo ndiye wa sitini!" na mama akanishika mkono akausugua kwa furaha. Raundi ya nne alikuwa amewaacha mbali, na kwa dakika mbili au tatu niliamini. Niliwaza kwamba hesabu inaweza kukosea na imani isikosee. Ya tano mabega yake yalianza kucheza. Nilikuwa nimeangalia mabega yale kwa miezi mitatu kutoka umbali wa hatua moja na sikuwahi kuyaona yakicheza. Upepo wa barabara ile hukusanyika kati ya kuta za viwanda ukaja usoni, na mbele yake safari hii hapakuwa na pikapu.

Raundi ya sita walimkamata. Ya saba walimpita, wawili wawili, bila kumtazama. Zile mita mia mbili za mwisho, zilizokuwa zake tangu utotoni, alizimaliza ameketi, mdomo wazi. Alikuwa wa nane.

Tulimkuta kwenye ukingo wa mtaro, kofia mkononi. Kibarua mwenzake alipita akisukuma baiskeli. "Boss, ile sitini ilikuwa bei ya nyanya ama nini?" Wengine wakacheka, si kwa ubaya sana. Kaka pia alijaribu kucheka.

"Sielewi," aliniambia. "Siste, sielewi kabisa. Miguu imenidanganya."

Mama alimpa chai ya chupa. Mimi nilimshikia baiskeli.

Jumapili iliyofuata mzee alipiga honi mara mbili nje, kama kawaida. Hakuna aliyetoka, akaingia mwenyewe akiwa tayari na suti yake ya kanisa. Kaka alikuwa mezani na fulana ya kulalia. Alimshukuru, akamwambia imetosha, baiskeli ataipakia basi aipeleke kwa baba Busia, imsaidie kwenda sokoni.

"Kwa sababu ya siku moja?" mzee aliuliza.

"Mzee, mwili ambao unaweza sitini Jumapili na Jumamosi hauwezi chochote, huo si mwili wa mashindano. Afadhali nijue mapema."

Nilikuwa nimesimama karibu na jiko pamoja na mama. "Haikuwa sitini," nilisema.

Walinigeukia wote watatu.

"Ubao nilikuwa naandika uongo. Haikuwa sitini hata siku moja."

Kaka hakuinuka. "Ilikuwa ngapi?"

"Arobaini na tisa. Siku nyingine arobaini na nane."

"Tangu lini?"

"Tangu yule punda."

Mzee alitazama viatu vyake. "Nilisikia," alisema polepole. "Nilisikia gari, nikaamini ubao."

"Kwa hiyo siku ile nilipopiga kelele kwamba sijachoka," kaka alisema.

"Ndiyo."

"Ungeniambia unaogopa."

"Nilikuambia."

"Uliniambia mara moja. Ubao uliniambia kila dakika."

Mama aliweka chini sufuria aliyokuwa ameshika. "Lakini si yuko hai?" alisema, akimtazama mmoja wetu kisha mwingine. "Si yuko hapa, hajavunjika kitu?"

"Mama, niko hai," kaka alisema. "Kesho saa moja nitakuwa hai pale langoni."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Aliingia ndani akavaa kaptura yake, akatoka na baiskeli begani, mzee akamfuata. Nilichukua saa na ubao bila kufikiri, nikatoka nyuma yao. Kaka alikuwa amelichukua gunia la mabaki ya mbao ambalo mzee hubeba kutoka kwa wachongaji, akiliweka pale nilipozoea kukaa.

"Ili gari lisirukeruke," alisema bila kunitazama. Kisha akamwambia mzee, "Twende mpaka lilie. Likianza kulia, tushike hapo."

"Na nikigusa breki?"

"Piga honi kwanza."

Ilikuwa rahisi hivyo. Honi. Katika orodha zangu zote za yale yanayoweza kutokea, sikuwa nimefikiria kumwomba mzee apige honi.

Waliondoka. Mwaka uliofuata kiwanda hakikuita mchujo tena. Walisema mambo ni magumu, timu ikavunjwa, na wale wanne walioandikwa ndio wa mwisho kuandikwa hivyo. Kaka alikaa kibarua miaka mingine miwili. Nafasi ilikuwa ile moja, na ilipita kwenye kona penye mtaro nikiwa nimeshikana mkono na mama. Lakini hayo sikuyajua asubuhi ile. Nilichojua ni kwamba walikuwa barabarani, kwa mwendo nisioujua, na hapakuwa na mtu nyuma wa kuuona uso wake.

Nilikaa mlangoni. Nilijaribu kuhesabu, kwa mazoea: sasa wamefika Kariobangi, sasa wako Njiru, sasa wanageuza. Bila mwendo hesabu haikuendelea, nikaiacha njiani kila mara. Mama alipita akifagia, akafagia pale pale mara ya pili.

Walirudi saa mbili na nusu. Kaka alikuwa mwekundu wa vumbi, magoti mazima, viwiko vizima, na miguu ikimtetemeka alipoegemeza baiskeli ukutani. Sijawahi kumwona amechoka namna ile nyuma ya gari.

"Mmeenda ngapi?" nilimuuliza.

Alinipita akielekea kwenye mfereji.

"Hatukupima," alisema, akafungua maji.